Mtambo Uliosubiri Kuamkia

Si zamani sana wala si mbali sana, palikuwa na nchi yenye adabu kuliko nchi zote za dunia. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu lilipelekwa kwenye ofisi ya uhakiki wa majina na bado halijarudi.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi fundi cherehani aitwaye Maulidi Kitwana, mtu wa miaka arobaini na sita, mpole, aliyependa mitambo kama wengine wanavyopenda mpira. Hakusomea mitambo popote. Alinunua kifaa, akasoma kitabu chake cha maelekezo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi zile kurasa za mwisho zilizoandikwa Kichina, ambazo alizitazama tu kwa heshima. Kifaa kikigoma hakukipiga wala hakukitukana. Alisema, "Huenda kuna sababu ambayo bado sijaielewa," kisha akaandika tatizo kwenye daftari.

Daftari lilikuwa limejaa. Alikuwa na taa inayowaka kwa kuamrishwa, lakini taa ilitengenezwa ng'ambo na haikuielewa lafudhi yake mpaka abane pua. Wateja walizoea kumwona fundi akibana pua kila giza linapoingia. Alikuwa na simu yenye uwezo wa kutaja rangi ya kitu chochote kinachowekwa mbele yake. Na alikuwa na saa ya kuhesabu hatua, ambayo mkononi ilinasa vitambaa, basi akaifunga kwenye kifundo cha mguu. Kwa kuwa cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, saa iliamini kwamba Maulidi anatembea. Kufikia adhuhuri ilikuwa imeshampongeza kwa kilomita thelathini.

"Leo umefika wapi, baba Rehema?" mkewe Sikudhani alimuuliza kila alipomletea chakula.

"Kwa mujibu wa saa, nimevuka mto."

"Basi ungerudi na samaki. Hapa kuna mchicha."

Mama yake Maulidi, Bi Tatu binti Mwinyikombo, aliishi nao. Alikuwa na miaka themanini na minne na alisuka mikeka tangu utoto. Miaka minne iliyopita mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili, dunia ikawa kama inaonekana kupitia maziwa. Hakuacha kusuka. Vidole vilijua njia, na rangi za ukili aliuliza. Maulidi alimwekea simu karibu, ikawa inamtajia: huu mwekundu, huu kijani, huu zambarau. Bi Tatu aliishukuru simu kila mara, maana hakuzoea kupokea kitu bila kushukuru.

Ndipo zikaja habari kwamba madaktari wa macho watakuja hospitali kuu kwa siku tisa. Watamtoa mtoto wa jicho kila atakayepewa miadi, bila malipo. Wakiondoka, hawatarudi mpaka miaka mitatu ipite.

"Miaka mitatu," alisema Bi Tatu. "Wakati huo nitakuwa naona ya huko, si ya huku."

Zamani mtu angeamka alfajiri akapange foleni hospitali. Lakini mwaka huo Serikali ilikuwa imetangaza kwamba huduma zote zimehamia kwenye Mtambo Mkuu, na anayetaka kitu atakiomba kwa simu. Hakuna raia aliyefurahi kama Maulidi.

"Mama, wewe hutapanga foleni," alimwambia. "Nitakumalizia hapa hapa ulipokaa, kabla chai haijapoa."

Bi Tatu alimwamini. Alikuwa mwanawe wa mwisho, na hakuwahi kumdanganya kwa makusudi.

*

Mtambo Mkuu ulikuwa na historia yake. Ulinunuliwa ng'ambo, ukawekwa katika chumba cha vioo wizarani, na siku ya uzinduzi Waziri wa Heshima na Mitambo alihutubia kwa saa mbili na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "tumeichunguza mitambo ya wenzetu. Ina kasi, lakini haina malezi. Mtu anaingia mtandaoni kama anayeingia chooni. Hasemi hodi, haamkii, anabonyeza tu. Sisi tumekataa. Mtambo wetu utakuwa wa kwanza duniani wenye adabu. Kuanzia leo mdogo atamwamkia mkubwa, mkubwa ataitikia, na hapo ndipo huduma itakapotoka."

Watu walipiga makofi. Aliyebaki na swali alikuwa karani mmoja, aliyekumbusha kwamba Mtambo ulitengenezwa miaka mitatu iliyopita, hivyo Waziri mwenyewe, akitaka huduma, ndiye atakayeamkiwa na Mtambo. Jambo hilo lilionekana kuwa na hatari, maana Mtambo ulikuwa ni Serikali, na Serikali haijawahi kumwamkia mtu. Kwa hiyo tangazo likatoka kwenye gazeti rasmi kuupa Mtambo umri wa miaka sitini na mitano. Ulipewa cheti cha kuzaliwa. Mahali pa kuzaliwa paliandikwa "bohari".

Kuitikia nako kulihitaji uangalifu. Wataalamu walisema Mtambo ungeweza kuitikia wenyewe, lakini Waziri alihofia ungeitikia bila uzito. Akaajiriwa Afisa Marahaba, Bwana Nyangasa, mtu wa miaka hamsini na miwili mwenye sauti nene ya kutuliza. Aliketi ndani ya chumba cha vioo mbele ya kipaza sauti, na kila salamu ilipoingia alisema, "Marahaba." Mtambo ulisikia neno hilo ukamfungulia aliye mbele kwenye foleni. Bwana Nyangasa alipokwenda kula, nchi ilisubiri. Aliposhikwa na mafua, wananchi walihudumiwa kwa sauti ya puani kwa wiki nzima, na hakuna aliyelalamika.

*

Siku ya kwanza ya miadi, Maulidi alikaa tayari tangu saa moja. Chai ya mama yake ilikuwa mezani. Ilipogonga saa mbili kamili alibonyeza, na kwa kuwa alikuwa amefanya mazoezi, akawa mtu wa kwanza katika orodha ya wazee wa macho.

Simu ikamwandikia: "Hongera, uko kwenye foleni. Foleni ni utamaduni wetu. Tafadhali simama. Atakayekaa atapoteza nafasi."

Maulidi alisoma mara mbili. Alikuwa na suti ya bwana harusi ya kumaliza siku hiyo. Akaiunganisha saa ya mguuni na simu, akaketi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga. Mtambo uliridhika kwamba mtu huyu yuko wima. Uliridhika kupita kiasi, kwani baada ya saa mbili ukaandika: "Ndugu, umepita dirisha la huduma kwa kilomita kumi na moja. Tafadhali rudi."

Mtu mwingine angekasirika. Maulidi aliondoa suti, akaweka kipande cha kitambaa kibovu, akakanyaga cherehani kinyumenyume. Uzi ulikatika mara nne. Sikudhani alisimama mlangoni akamtazama.

"Sasa unakwenda wapi?"

"Narudi dirishani."

"Ukipita sokoni, niletee nyanya."

Karibu na saa sita simu ikaandika: "Umefika. Wewe ni wa kwanza. Amkia." Maulidi akabonyeza palipoandikwa Shikamoo, akasubiri sauti ya Bwana Nyangasa. Badala yake yakaja maandishi:

"Samahani. Mwombaji: Bi Tatu binti Mwinyikombo, miaka 84. Mtambo: miaka 65. Kwa mujibu wa Sheria ya Heshima, mdogo ndiye anayeanza."

"Sawasawa kabisa," alisema Maulidi. Kwa kweli alifurahi. Hakutegemea mashine ingekumbuka kwamba mama yake ni mtu mzima. Akaweka simu juu ya mkeka, karibu na mama yake, wasubiri Mtambo uamkie.

Simu ikaandika: "Inasubiri salamu."

Wakasubiri. Chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena.

"Nani anasubiri?" aliuliza Bi Tatu.

"Mtambo, mama."

"Unasubiri nini?"

"Salamu."

"Salamu ya nani?"

Maulidi alisoma maandishi tena. "Nadhani ya kwake mwenyewe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtambo ulifundishwa kuamkiwa. Ulifundishwa pia kwamba mdogo ndiye anayeanza. Kuamkia haukufundishwa, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba Serikali ingekutana na mtu mkubwa kuliko yenyewe.

Siku ya pili ilipita hivyo hivyo. Siku ya tatu Bi Tatu alisema, "Mpe shikamoo yangu, yaishe. Kwa macho haya ningemwamkia hata mbuzi."

Maulidi akabonyeza kwa niaba ya mama yake. Jibu lilikuja upesi: "Shikamoo ya mkubwa kwa mdogo ni laana. Imekataliwa kwa faida yako."

*

Siku ya nne Maulidi alivaa shati la mikono mirefu akaenda wizarani, kwenye ofisi ya Mkurugenzi wa Salamu. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, macho yake yakiwa kwenye kalenda.

"Bwana Kitwana, tatizo lako si tatizo," alisema. "Mfumo unafanya kazi kama ulivyokusudiwa."

"Naam, mheshimiwa. Lakini haufanyi kazi."

"Hayo ni mambo mawili tofauti. Unachoniomba ni kwamba Mtambo umwamkie mama yako. Mtambo ni nani? Ni Serikali. Leo Serikali imwamkie mama yako, kesho itamwamkia nani? Itakwenda msibani? Itapeleka pole?"

Maulidi alifikiri. "Basi pengine Mtambo uongezwe umri. Ukiwa na miaka mia moja na ishirini, utakuwa mkubwa kuliko wazee wote."

"Tuliliangalia hilo. Ukipita sitini na mitano unastaafishwa moja kwa moja. Idara ya Utumishi ina mtambo wake, na huo hauna huruma." Mkurugenzi akavuta droo. "Ila kuna njia. Tunaweza kumpunguza mama."

Akatoa fomu. Kwa kiapo tu, Bi Tatu angekuwa na miaka sitini na minne, aamkie kama watu wengine, apate miadi siku hiyo hiyo.

Maulidi alichukua kalamu, lakini kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, akafanya hesabu kwanza pembeni. Kaka yake mkubwa alikuwa na miaka sitini na mmoja.

"Mheshimiwa, hapa mama atakuwa amemzaa kaka akiwa na miaka mitatu."

"Kaka naye atapungua. Mtapungua wote miaka ishirini. Mfumo unashusha ukoo mzima, usiwe na wasiwasi."

"Mimi nitakuwa na ishirini na sita."

"Hongera."

"Na binti yangu Rehema, yuko chuo cha uuguzi, mwaka wa pili. Ana miaka ishirini."

Mkurugenzi alihesabu kwa vidole. "Atakuwa amezaliwa leo," alisema. "Mtamfungulia kadi ya kliniki."

Maulidi aliirudisha fomu mezani kwa mikono miwili, akaomba ruhusa ya kushauriana na nyumbani. Jioni alimweleza mkewe kila kitu kwa mpangilio. Sikudhani alisikiliza huku akichambua mchele.

"Kama ni lazima, ni lazima," alisema. "Lakini mimi simnyonyeshi mtu anayenizidi urefu."

Rehema alicheka, Bi Tatu hakucheka. Siku nzima alikuwa ameshika ukili mikononi bila kusuka.

"Zimebaki siku ngapi?" aliuliza.

"Tano, mama."

"Chai ile ilishapoa, Maulidi."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomkosesha Maulidi usingizi.

Huko hospitali, madaktari wa macho walikuwa wamekaa mikono mapajani. Wagonjwa wengi wa mtoto wa jicho walipita miaka sitini na mitano, na wote walikuwa nyumbani kwao wakisubiri salamu. Daktari mmoja alianza kuwapima macho wauguzi ili asisahau kazi. Redio ya taifa ilitangaza kwa fahari kwamba kwa mara ya kwanza katika historia, hospitali kuu haina foleni.

*

Siku ya sita Maulidi alifungua kabati la vitabu vyake vya maelekezo, akasoma kimoja baada ya kingine. Katika kile cha redio ya zamani alikuta mstari huu: "Kifaa kikishindwa kupokea, sogeza mtumiaji karibu na kifaa." Akakifunga kitabu, akaita bajaji, akampeleka mama yake wizarani.

Mlinzi wa chumba cha vioo hakuwa na agizo lolote la kuwazuia, kwa kuwa tangu Mtambo uwekwe hakuna raia aliyewahi kuja kuutembelea. Akawafungulia. Ndani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi na mlio kama wa nyuki wengi walio mbali. Kabati refu la chuma lilimetameta taa ndogo za kijani. Ukutani palikuwa na ubao wa maandishi mekundu: WAZEE WA MACHO WANAOSUBIRI: 312. Na mbele ya kipaza sauti alikaa Bwana Nyangasa, akisema marahaba, akinywa maji, akisema marahaba.

Bwana Nyangasa aligeuka akamwona bibi kizee ameshikwa mkono, akipapasa hewa kwa mkono mwingine. Huyu alikuwa mtu aliyelelewa. Kabla hajafikiri chochote alikuwa ameshasimama, ameinamisha kichwa, na kinywa kimesema chenyewe:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Mtambo ulisikia salamu ikitoka chumbani mwake, ukasikia mkubwa akiitikia, ukaona kwamba sheria imetimia. Nyuki wakavuma kidogo zaidi. Ubao ukabadilika: 311. Simu ya Maulidi ikalia mfukoni: "Bi Tatu binti Mwinyikombo. Miadi: kesho, saa moja asubuhi. Karibu."

Bwana Nyangasa aliziba mdomo kwa mkono.

"Nimefanya nini?" aliuliza.

"Umemwamkia mama," alisema Maulidi.

"Hapana, ndugu yangu. Nimeiamkisha Serikali."

*

Tume za nchi hiyo huchukua miaka sita kwa kawaida, miwili ya kuchunguza na minne ya kulipana posho. Lakini kwa kuwa hadhi ya Serikali ilikuwa imeguswa, tume hii iliundwa saa nane mchana, ikasikiliza rekodi saa tisa, ikatoa ripoti kabla ya magharibi.

Rekodi haikuwa na shaka. Mtambo wa Serikali ulisikika ukisema "Shikamoo, mama," na raia alisikika akiitikia "Marahaba, mwanangu." Wajumbe walitazamana. Kusema Serikali imemwamkia raia hakukuwezekana. Kusema rekodi ni ya uongo nako hakukuwezekana, maana Mtambo haukosei, kwa mujibu wa kifungu cha pili. Ndipo mjumbe mmoja, mwanasheria mkongwe, alipoomba kalamu. Themanini na nne kutoa sitini na mitano ni kumi na tisa.

"Umri unaofaa kabisa," alisema.

Ripoti ikaandikwa kwamba Bi Tatu binti Mwinyikombo ni mama mzazi wa Mtambo Mkuu. Serikali haijamwamkia raia. Mtoto amemwamkia mama yake, kama inavyotarajiwa kwa mtoto aliyelelewa vizuri, na jambo hilo ni sifa kwa Wizara. Wazee wengine mia tatu na kumi na mmoja walishauriwa waendelee kusubiri kwa utulivu, kwa kuwa Mtambo hauwezi kuwa na mama wengi. Bwana Nyangasa alisainishwa hati inayosema kwamba siku ile na saa ile yeye alikuwa kimya, na kwamba sauti inayosikika ni ya Mtambo, na kwamba kila shikamoo itokayo katika chumba kile haimhusu.

Maulidi alipelekewa barua ya pekee kumjulisha kwamba amepata kaka.

"Aje basi tugawane kazi za nyumbani," alisema Sikudhani. "Yule ana umeme wake mwenyewe."

*

Bi Tatu alitolewa mtoto wa jicho siku ya saba, jicho la kulia, na siku ya nane asubuhi kitambaa kikafunguliwa. Alimtazama Maulidi kwa muda mrefu.

"Umezeeka," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

Nyumbani alikalia mkeka aliousuka kwa miaka ile ya giza, akaukagua kutoka pembe hadi pembe. Kisha akasema taratibu, "Huu niliambiwa ni mwekundu."

"Ni kijani, mama," alisema Sikudhani.

"Na huu?"

"Ni kijani."

"Mkeka mzima?"

"Mama uliuliza, na mwanao akaiuliza simu. Mimi sikutaka kuingilia wataalamu."

Maulidi alitoa daftari, akaandika: rangi. Pembeni akaongeza kwamba huenda kuna sababu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze daftari lile, akayafuta maneno hayo.

Mchana wizara ikatuma gari. Ilitakiwa picha ya mama akimtembelea mwanawe, kwa ajili ya kalenda ya mwaka mpya. Bi Tatu alivaa kanga mpya, akaenda na Maulidi. Alipofikishwa mbele ya kabati la chuma alilitazama kutoka juu hadi chini, taa zake zikimetameta. Wapiga picha wakasubiri.

"Marehemu baba yenu alikuwa hivi hivi," alimwambia Maulidi. "Ukimsemesha, anakukodolea macho tu."

Picha zikapigwa, Mkurugenzi akatoa shukrani kwa niaba ya Mtambo, watu wakatoka. Bi Tatu alisema amechoka, anaomba apumzike kidogo kwa mwanawe. Hakuna aliyeona njia ya kumkatalia mama mzazi.

Walibaki watatu. Bwana Nyangasa alikuwa kwenye kiti chake, kipaza sauti mbele yake, ameinamisha uso. Maulidi alikuwa anatazama ubao ukutani, WAZEE WA MACHO WANAOSUBIRI: 311, akikumbuka kwamba madaktari wamebakiwa na siku moja.

Bi Tatu alimgeukia Afisa Marahaba kwa lile jicho lake jipya.

"Wewe ndiye uliyeniamkia."

"Si mimi, mama," alisema Bwana Nyangasa kwa sauti ya chini. "Ulikuwa Mtambo. Nimesaini."

"Mwanangu, nilikuwa sina macho. Masikio nilikuwa nayo."

Bwana Nyangasa alitazama mlangoni. Alitazama kipaza sauti. Kisha akainuka nusu, kama mtu anayeokota kitu, akanong'ona, "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nyuki wakavuma. Maulidi aliona ubao ukibadilika: 310. Mahali fulani mjini, simu ya mzee mwingine ilikuwa imelia.

Akafikiri hatua kwa hatua, kama kawaida yake. Mtambo haukumjua mama yake. Ulijua tu kwamba humu ndani mdogo ameamkia, mkubwa ameitikia, na aliye mbele kwenye foleni afunguliwe. Siku ile ya sita aliyekuwa mbele alikuwa mama yake, kwa kuwa mwanawe alibonyeza saa mbili kamili. Leo alikuwa mwingine. Akatazama saa yake ya mguuni: salamu na kuitikia, sekunde sita. Mara mia tatu na kumi.

"Ni nusu saa tu na dakika moja," alisema.

"Nusu saa ya nini?" aliuliza Bwana Nyangasa, ingawa macho yake yalikuwa ubaoni na alikuwa ameshaelewa. "Ndugu yangu, watanifukuza. Nina watoto wanne."

Hakuna kitabu cha Maulidi hata kimoja kilichokuwa na ukurasa wa jambo hilo. Akamtazama mama yake.

"Ile hati uliyosaini," alisema Bi Tatu, "inasemaje?"

"Kwamba sikusema kitu."

"Na shikamoo ikitoka humu ndani ni ya nani?"

Bwana Nyangasa alifikiri. "Ya Mtambo," alisema polepole. "Kila shikamoo itokayo katika chumba hiki hainihusu. Wameandika wenyewe."

"Na mimi ni nani yake?"

"Mama yake mzazi."

"Basi mtoto akimwamkia mama yake, atafukuzwa nani?"

Maulidi alikwenda mlangoni. Alitoa sindano kwenye ukosi wa shati, pale fundi anapoziweka, akazibana pande mbili za pazia la mlango wa kioo, moja juu ya nyingine, ili anayepita nje asiwaone. Kisha akarudi akasimama chini ya ubao, daftari mkononi.

Bi Tatu alivua viatu, akakunja miguu kwenye kiti cha wageni kana kwamba yuko mkekani, akajifunga kanga vizuri kwa sababu ya baridi ya mwanawe.

"Haya," alimwambia Bwana Nyangasa. "Rudia."